Nisalimie Kwanza, Bei Tutaongea

Watu wangu wa Kisii na Nyamira, leo wacha tuongee kuhusu kitu ambacho kila mmoja wetu amekipitia na bado tunakinyamazia: venye wauzaji wa madukani wanatukaribia tukiingia kununua. Siongei bei. Bei ni mada ya siku nyingine. Naongea zile dakika mbili za kwanza, tangu ukanyage mlango hadi uulizwe unataka nini. Msimamo wangu ni huu: ukikaribishwa vibaya dukani, usimrukie yule kijana aliyesimama mbele yako. Uliza kwanza analipwa vipi, na analipwa na nani.

Najua kuna mtu atasema, "Ah, hata salamu nayo ni mada?" Ni mada. Soma hadi chini ndio unipinge.

Hebu tuanze na aina za wauzaji, maana hawa nyote mnawajua.

Kuna yule wa kukufuata. Unaingia supamaketi, unaenda upande wa sabuni, yuko nyuma yako. Unahamia kwa mchele, naye amehamia kwa mchele, anapanga pakiti ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Hasemi neno. Ukimwangalia, anaangalia dari. Hujaiba kitu, lakini unaanza kutembea kama mtu aliyeiba, mikono mbali na mifuko.

Kuna yule wa kushika mkono. Huyu utampata kwa maduka ya nguo na viatu karibu na stage. "Kuja boss, kuangalia ni bure, size yako iko!" Kabla ujibu, umeshavutwa ndani na kiatu kimoja kiko mguuni. Ukitoka bila kununua, unasindikizwa na matusi. Kwa wasichana ni mbaya zaidi. Kumshika msichana kiuno ati unamwonyesha njia ya kuingia dukani si biashara, na tusiite hivyo.

Kuna mpimaji. Macho yake yanaanza kwa viatu vyako, yanapanda pole pole, na yakifika usoni ameshaamua kama una pesa. Halafu kuna yule wa simu, amejiegemeza kwa kaunta, kidole kinasukuma video, na swali lako la bei anakujibu kwa kidevu: "Iko hapo, imeandikwa."

Sasa, hizi tabia hazikutoka hewani. Fikiria duka la kijijini, lile la kwetu lenye kaunta na waya. Mteja anabaki nje, bidhaa zinabaki ndani, na mwenye duka yuko katikati. Unataka nusu kilo ya sukari, unasema, unapimiwa. Pale hakuna kufuatwa, kwa sababu hakuna mahali pa kutembea. Na salamu hazikosi, kwa sababu huwezi kupata sukari bila kuongea na mtu.

Dunia nzima ilikuwa hivyo. Mwaka wa 1916, huko Memphis, Marekani, bwana mmoja aliyeitwa Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly na kumwacha mteja aingie mwenyewe, achague mwenyewe, abebe hadi kwa keshia. Hiyo ndiyo njia ambayo supamaketi zote za Kisii zinatumia leo. Ilipunguza kazi na gharama, lakini ilileta shida mbili mpya. Mteja sasa anaweza kununua mzigo wa mwezi mzima bila kusalimiwa na mtu. Na mwenye duka sasa anaogopa mikono ya kila anayeingia. Ule waya ulitolewa, mahali pake pakawekwa mtu wa kukufuata.

Nikupe mfano wa nyumbani. Mamangu anaishi upande wa Nyamira, ana majani chai kidogo na anauza maziwa. Nyinyi wa kwetu mnajua Oktoba ni mwezi gani. Hesabu za KTDA hufungwa mwisho wa Juni, na bonasi ikiingia, mtu hulipa karo, hurekebisha paa, na kikibaki kitu ndio hujinunulia ile moja aliyoiwazia mwaka mzima. Mwaka huo mama aliwazia friji, kwa sababu maziwa ya jioni yalikuwa yanaharibika kabla ya wateja wa asubuhi kufika. Tukashuka pamoja hadi Kisii mjini.

Duka la kwanza lilikuwa kubwa, taa nyingi, vioo kila mahali. Kijana alikuja haraka, nguo safi, tabasamu liko. Shida ni kwamba alikuja kwangu. Akaniuliza mimi tunatafuta nini. Nikamwambia, "Ni mama ananunua." Akasema sawa, halafu akaendelea kuniangalia mimi. Mama akauliza, "Stima ikipotea siku mbili, hii inakaa na baridi mpaka lini?" Kijana akanijibu mimi kwamba hiyo ni modeli mpya, haitengenezi barafu, haina kelele. Mama akauliza tena. Akaambiwa kuna ofa hadi Jumamosi. Mara ya tatu akauliza kwa Ekegusii, akiniangalia mimi, ndio nimtafsirie kijana kwa Kiswahili. Mama yangu anaongea Kiswahili kizuri tu. Alikuwa ameshaelewa kwamba pale ndani sauti yake haihesabiwi.

Hakutusiwa. Hakufukuzwa. Hata alipewa kiti. Lakini pesa za mwaka mzima zilikuwa kwa mkoba wake, na mtu wa kuongeleshwa akawa ni mtoto wake, kwa sababu mtoto alikuwa na simu kubwa na viatu vya mjini. Mama alifunga mkoba akasema, "Twende." Kule nje hakulalamika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Ni kama alikuwa ameshazoea.

Duka la pili lilikuwa dogo, limebanwa katikati ya hardware na duka la vitabu. Mhudumu alikuwa mama wa makamo. Tulipoingia alimsikia mama akiniambia kitu kwa Ekegusii, akasimama, akasema, "Bwakire, baba."

Wale si wa kwetu, msishangae. Kwa Ekegusii, baba ni mama. Ukitaka kumwita mzee wa kiume ni tata. Kwa hivyo mama yangu alikuwa ameamkuliwa asubuhi njema na kuitwa mama, kwa lugha yake, na mtu ambaye hakuwa amemwangalia viatu. Wakasalimiana hadi wakaulizana wanatoka wapi. Halafu yule mhudumu akauliza swali moja ambalo duka la kwanza hawakuuliza: "Unataka kuweka nini ndani?"

Mama akasema maziwa. Wakaongea kuhusu stima kupotea. Mhudumu akamwambia aachane na friji ya kusimama, aangalie friza ya kulala, ile inayofunguliwa kwa juu. Akaeleza kwa nini: baridi ni nzito, inakaa chini. Ukifungua mlango wa friji ya kusimama, baridi inamwagika miguuni. Ukifungua ya kulala, baridi nyingi inabaki. Kwa hivyo stima ikipotea, usifungue ovyo, itakustahimilia zaidi. Akamwonyesha moja yenye swichi ya kupunguza baridi ili maziwa yasigande. Na ile aliyopendekeza haikuwa kubwa kuliko zote. Alisema, "Kwa lita unazosema, hii kubwa utakuwa unapoza hewa."

Mama alinunua pale pale. Tangu siku hiyo amepeleka jirani zake kwa lile duka, na mmoja wao alinunua meko ya gesi, mwingine redio. Duka la kwanza halitawahi kujua lilipoteza nini, kwa sababu mteja aliyevunjika moyo huwa hapigi kelele. Anafunga mkoba tu.

Hapo ndipo wengi wangemaliza: kijana mbaya, mama mzuri, mwisho. Mimi sikutaka kuishia hapo. Nina rafiki amehudumia wateja madukani Kisii kwa miaka kadhaa, nikamuuliza kwa nini kijana wa kwanza alifanya vile. Alicheka. Akaniambia, "Wewe hujui tageti." Pale alipokuwa, mshahara ulikuwa mdogo na kamisheni ndiyo ilikuwa mshahara kamili. Kila modeli mpya ilikuwa na kamisheni yake, ya zamani haikuwa na kitu. Ukitumia nusu saa na mama anayeuliza maswali, na mwenzako amefunga mauzo mawili, mwisho wa mwezi unajua ni nani ataitwa ofisini. Kwa hivyo unajifunza kutafuta mtu wa kuamua haraka. Ukiona mama na kijana, unaenda kwa kijana.

Akaniambia na la pili. Bidhaa ikipotea, hasara inagawanywa. Haijalishi nani alikuwa zamu. Shampuu tano zimekosekana, kila mmoja anakatwa. Sasa mtu kama huyo akikuona umesimama karibu na shampuu, unadhani anaona mteja? Anaona nauli yake ya wiki ikitembea. Ndiyo sababu anakufuata.

Na hapa kuna jambo wafanyakazi wengi hawajui. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007, kifungu cha 19, inasema ni nini mwajiri anaweza kukata kwa mshahara. Kwa mali iliyopotea au kuharibika, anaweza kukata kiasi cha kadiri kama hasara ililetwa na kosa la makusudi la mfanyakazi huyo mwenyewe. Keshia ambaye mkataba wake unamkabidhi pesa anaweza kukatwa upungufu uliotokana na uzembe wake au kukosa uaminifu. Na makato yote kwa jumla hayafai kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Sasa niambie, mtu aliyekuwa upande wa unga amefanya kosa gani la makusudi shampuu ikiibwa upande ule mwingine? Kukata kila mtu kwa sababu mwizi hakupatikana ni kumfanya mfanyakazi kuwa bima ya duka, na bima yenyewe analipa yeye.

Kitu kingine: si kila aliye ndani ya supamaketi ni wa supamaketi. Angalia vizuri tishati zao. Yule msichana anayekukimbilia na chupa ya mafuta ya kupikia, "Auntie, chukua hii, ina zawadi," mara nyingi amewekwa pale na kampuni inayotengeneza hayo mafuta, ama na wakala wake. Kazi yake ni mafuta hayo tu. Ukimuuliza mafuta gani ni bei nafuu, unamweka kwa shida, maana jibu la kweli linaweza kuwa ni ya jirani. Hakudanganyi kwa ubaya, ameajiriwa kuona chupa moja. Ukilijua hilo, unamsikiza, unashukuru, halafu unasoma bei zote mwenyewe.

Ni hivyo hivyo kwa simu za kulipa kidogo kidogo. Kijana anakukaribia kule nje na maneno matamu: weka deposit, beba simu, kila siku unalipa pesa ya kikombe cha chai. Maneno hayo si uongo. Yamekatwa tu mahali panapomfaa. Wewe chukua malipo ya siku moja, zidisha kwa idadi ya siku, ongeza deposit, halafu uulize simu hiyo hiyo ni pesa ngapi ukilipa mara moja. Tofauti ya hizo mbili ndiyo bei ya kungojewa. Pengine utaona inafaa, kwa sababu pesa ya mara moja huna. Lakini uamue ukijua. Katiba yetu ya 2010, Ibara ya 46, inampa mteja haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Mama yangu alipouliza kuhusu stima mara tatu, hakuwa anasumbua mtu. Alikuwa anadai kitu kilichoandikwa kwa Katiba.

Wenye maduka watanijibu: wizi uko, kijana, wewe huna duka. Kweli, wizi uko. Lakini salamu na ulinzi si maadui. Mwaka wa 1980, kwenye duka la Walmart mjini Crowley, Louisiana, meneja aliyesumbuliwa na wizi alimweka mzee mmoja mlangoni, awakaribishe wanaoingia na kuwaaga wanaotoka. Mteja mwema alifurahi kusalimiwa. Mwizi alijua ameonekana. Sam Walton, mwenye kampuni, alipenda wazo hilo likaenea maduka yake yote. Fikiria: mtu akikuangalia usoni na kusema habari ya asubuhi, kazi ya ulinzi imeshafanyika nusu, na hakuna aliyedharauliwa. Ukimfuata mgongoni, unamlinda mwizi mmoja na kuwatusi watu wema hamsini.

Lakini pia tusinakili tu. Walmart hiyo hiyo ilikwenda Ujerumani ikatoka mwaka wa 2006, na moja ya mambo yaliyosemwa ni kwamba Wajerumani wengi hawakupendezwa na watu wa kuwachekea na kuwakaribisha mlangoni. Kila mahali pana salamu yake. Hapa kwetu mtu hupita boma la mwingine bila kusalimu akaonekana ana kinyongo. Kwa hivyo duka la Kisii linalomruka mteja moja kwa moja na "Unataka nini?" linavunja adabu ambayo hata mtoto wa shule anaijua.

Na salamu yenyewe iwe na macho. Kisii mjini si ya Abagusii peke yetu. Barabara ya kutoka Isebania na Migori kwenda Kisumu inapita hapa, Wamaasai wanakuja kutoka Kilgoris, na chuo kikuu kimeleta wanafunzi kutoka kila kona ya nchi. Huwezi kumwambia kila mtu "bwakire". Anza na Kiswahili cha heshima, halafu sikiza. Mteja atakuonyesha lugha yake. Yule mhudumu wa duka dogo hakukisia kwa kumwangalia mama sura. Alimsikia kwanza.

Ukitaka kuona hii kazi ikifanywa vizuri bila semina yoyote, nenda Daraja Mbili siku ya soko. Mama wa ndizi hatakufuata na hatakushika. Atakusalimia, atakuuliza za nyumbani, atakuacha ubonyeze ndizi zake, na ukinunua atakuongeza moja. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu biashara ni yake: bei ni yake, muda ni wake, nyongeza ni yake. Mhudumu wa duka kubwa hawezi kupunguza bei wala kuongeza kitu. Vitu vyake viwili tu ni sauti yake na muda wake. Ukimpora muda kwa tageti, na sauti kwa woga wa kukatwa mshahara, umebaki na mtu amesimama tu.

Kwa hivyo wenye maduka, nawaomba haya. Acheni kugawa hasara kwa watu wasio na hatia. Mkiweka kamisheni, iwe na sehemu ya duka zima, ndio mtu asiogope kukaa na mzee mwenye maswali. Na wafundisheni watu wenu mpangilio huu: salamu, nafasi, halafu swali la "unataka ya kufanyia nini?" Mteja akisema anaangalia tu, mwambie karibu, niko hapa ukinihitaji, na kweli uwe hapo.

Na sisi wateja, salamu ni ya pande mbili. Kuna watu wanaingia dukani simu iko sikioni, wananyoosha kidole, wanatupa pesa kwa kaunta na kuondoka. Yule msichana amesimama tangu saa mbili asubuhi. Mwambie habari. Ukihudumiwa vizuri, mtafute meneja umwambie jina lililo kwa beji yake, kwa sababu malalamiko humfikia haraka na sifa huishia mlangoni. Na ukienda na mzazi wako kununua kitu, muuzaji akianza kuongea na wewe badala yake, piga hatua moja nyuma. Mwache mwenye pesa asimame mbele.